Tumbo Lisilouma

Wewe unayenisikiliza, umewahi kusalimiwa na mtu uliyemzika mwenyewe, ukamtupia udongo kwa mkono wako huu wa kulia?

Edinah alisalimiwa. Tena si ndotoni. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu za asubuhi, jua limeshapanda juu ya kilima cha Nyanchwa, na chini barabarani wauza ndizi wanabishana na watu wa boda boda ni nani aliyewahi kwanza kwenye kile kivuli cha ukuta. Edinah alikuwa kwenye chumba chake cha kazi mjini Kisii, ghorofani, juu ya duka la Mzee Hasmukh linalouza misumari, rangi na mabomba ya maji. Ngazi za kupanda huko ni kumi na tisa, na ya saba imelegea, kwa hivyo anayekuja husikika kabla hajabisha.

Chumbani mlikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa ya Edinah, yenye kitambaa cha kufuma na chupa ya chai. Ya pili ilikuwa ya kaka yake, Okemwa. Hiyo ya pili haikuwa na kitu juu yake tangu Aprili, miezi minane sasa, isipokuwa vumbi ambalo Edinah alilipangusa kila wiki huku ameangalia pembeni. Kompyuta ya Okemwa, ile ndogo ya kukunja, ilikuwa ndani ya droo, imeviringishwa kwenye sweta yake ya kijivu iliyotoboka kiwiko.

Sasa ilibidi itolewe. Mama yao, Bathsheba, alikuwa amewaahidi walimu wa shule ya msingi aliyosomea Okemwa kule Magwagwa kwamba kompyuta ya mwanawe itakwenda kufundishia watoto. Angekuja Ijumaa kuichukua. Kabla ya hapo Ronak, mtoto wa Mzee Hasmukh, ambaye hutengeneza kompyuta nyuma ya duka la baba yake, alitakiwa kuifuta yote iwe mpya.

"Lakini dada Edinah," Ronak alimwambia, "mimi nikifuta, nimefuta. Usije ukanililia hapa kesho. Angalia kwanza kama kuna kazi yake imebaki ndani."

Ndiyo maana Jumatatu ile akaifungua.

Hapa nikueleze kidogo, maana si kila mtu anajua kazi hii. Edinah na kaka yake walikuwa waandishi wa programu, yaani yale maagizo yanayoifanya kompyuta ifanye kazi. Watu wa kazi hiyo wana chombo kinachoitwa Git. Ni kama karani mwenye subira asiyetupa karatasi. Ukibadilisha neno moja, anaona. Ukimwambia aandike, anaandika nani alibadilisha, lini na kwa nini. Kitu ambacho hakijakamilika unaweza kumwambia akiweke kando, naye akakitunza pale mpaka ukitake. Na wakati wowote unaweza kumuuliza hali: nini kimebadilika, nini hakijaandikwa, nini kigeni kimeingia ambacho hakijui? Naye hujibu kwa Kiingereza kikavu, mengine kwa rangi ya kijani, mengine kwa nyekundu.

Edinah aliingia mahali kazi ya Okemwa ilipokuwa, akauliza hali kama anavyouliza kila siku kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kiingereza hakikuja. Nyekundu haikuja. Skrini ikaandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayefikiri:

*Bwakire buya, Edinah.*

*Buya mono. Hakuna kilichobaki.*

Edinah aliifunga kompyuta kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Mgusii yeyote angekwambia maana ya maneno yale: umeamkaje, na jibu lake, salama kabisa. Yalikuwa maneno ya Okemwa, kwa mpangilio wa Okemwa, hata ile *mono* aliyopenda kuivuta mdomoni mpaka iishe pumzi.

Alikaa akajieleza mwenyewe, maana si mtu mjinga. Alijua mashine haina roho. Alijua hata jambo lenyewe lilipoanzia. Siku moja mwanzoni mwa mwaka alikuwa amelalamika.

"Hiki chombo kinanigombeza," alisema. "Nikikiuliza hali, kinanijibu kwa nyekundu kama mwalimu wa hesabu."

"Ulitaka kikujibu vipi, mtukufu?" Okemwa aliuliza.

"Kama mtu wa kwetu."

Okemwa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mtu wa kwetu ni mwongo, Edinah! Amevunjika mguu, mfupa unaonekana, ukimuuliza hali anakwambia buya mono. Halafu anaomba maji."

Basi alikuwa ameyafanya kweli. Kile chombo kinakubali kubadilishwa namna kinavyotoa hali: rangi zake, maneno yake, kipi kionyeshwe na kipi kifichwe. Edinah angeweza kufungua maagizo ya kaka yake na kuyasoma toka juu hadi chini, yangemchukua dakika kumi. Hakuweza. Lililomzuia ni jina. Kompyuta ile ilikuwa ya Okemwa. Ilimjua Okemwa. Ilimsalimia Edinah kwa nini?

Na alikuwa na sababu ya kuogopa kusalimiwa.

Aprili ile walikuwa wamemaliza programu yao ya kwanza kubwa, ya kupanga foleni za wagonjwa kwenye zahanati, ili mama mzee asifike saa moja asubuhi akaketi kwenye benchi mpaka saa tisa. Zahanati moja ndogo mbele ya Nyamira ilikubali kuijaribu. Edinah ndiye aliyepangiwa kwenda kuiweka. Siku hiyohiyo mgeni kutoka Nakuru, msimamizi wa zahanati nyingi, alikuwa anapita Kisii kuiangalia kazi yao ofisini, na Okemwa ndiye angempokea. Asubuhi Edinah alijikunja kwenye kiti, mkono tumboni, akasema anaumwa.

"Unaumwa?" Okemwa alimuuliza.

"Tumbo. Tangu alfajiri."

Okemwa alimwangalia. Kisha akavaa koti la mvua, akatia kompyuta nyingine mkobani, akashuka ngazi. Ya saba ikalia. Saa nne Edinah alikuwa ameketi wima, amepaka mdomo rangi, anamweleza mgeni wa Nakuru kila kona ya ile programu. Saa saba simu ikaja. Mbele ya Nyamira, kwenye kona ya barabara ya udongo iliyolowa, boda boda aliyopanda Okemwa iliteleza ikaingia chini ya lori.

Nyumbani walimwambia pole sana. Mama yake alimkumbatia akasema, "Mungu aliniachia mmoja, alikupa ugonjwa akuache." Edinah akaliacha hivyo. Sasa miezi minane alikuwa anakula ugali wa mama yake na lile neno limekaa katikati ya sahani. Tumbo halikuwa linauma. Hata kidogo. Jambo alilotaka kulijua, na ambalo hakuna mtu hai angeweza kumjibu, ni kama Okemwa alipanda ile pikipiki akijua.

Jumanne alijiambia hatafungua. Saa saba akafungua. Akauliza hali mara moja.

*Edinah, umekula?*

*Buya mono. Hakuna kilichobaki.*

Akafunga. Alikuwa hajala. Ndizi mbili zilikuwa kwenye mfuko wa karatasi kando ya chupa ya chai, akaziacha palepale.

Jumatano alifungua saa tisa, kwa sababu Ronak alipanda kuuliza kama yuko tayari, naye akataka kumwonyesha kwamba si chochote, ni mzaha wa marehemu. Ronak alisimama nyuma yake, mikono imejaa vumbi la rangi ya nyumba. Edinah akauliza hali.

*Mvua inakuja. Umeanika nini?*

*Buya mono. Hakuna kilichobaki.*

Kabla Ronak hajamaliza kusoma, mvua ya mawe ikaangukia mabati. Unaijua mvua ya huku? Haibishi hodi. Kelele ilikuwa kubwa hata Ronak akalazimika kupiga ukelele.

"Wacha!" alisema. "Dada, hii kitu iko na mtu ndani!"

"Ni saa tu," Edinah alipaza sauti naye. "Amekiambia kila siku saa tisa kiseme hivyo. Hapa kwetu mvua hunyesha saa tisa."

"Sawa. Lakini mbona unatetemeka?"

"Ni baridi."

"Mimi nilizaliwa Kisii, dada Edinah. Najua baridi." Ronak alijipangusa mikono kwenye suruali. "Ukitaka nisifute, sema. Nitamwambia Mama Okemwa imeharibika. Mimi kudanganya naweza, niko dukani kila siku."

Edinah akamwambia Ijumaa ni Ijumaa, afute. Chombo kimesema hakuna kilichobaki, basi hakuna kilichobaki.

Alhamisi mvua haikunyesha na stima za umeme zilipotea mara mbili. Mchana Edinah aliketi mbele ya skrini, akaandika kwa vidole viwili, kama mtu anayejifunza: *ulijua?* Akabonyeza. Safari hii mashine ilimjibu kwa kile Kiingereza chake kikavu, kwamba haielewi amri hiyo. Alilia kidogo, si sana. Kuna kuulizwa na mtu ukashindwa kujibu, na kuna kuuliza mashine ikakuambia hujaiuliza kitu.

Ijumaa, mnamo saa nane, ngazi ya saba ikalia, kisha ikalia tena, maana Bathsheba hupanda kwa kuweka miguu yote miwili kwenye kila ngazi. Aliingia akiwa amevaa gauni lake la samawati la mikutano ya kanisa, kitambaa kichwani, na kikapu chenye mboga ya majani ya chinsaga, maziwa kwenye chupa ya soda, na kitambaa safi cha kufungia kompyuta. Alikuwa ametoka Magwagwa asubuhi, naye alitaka kurudi mapema, kwa sababu jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, na Bathsheba hasafiri ndani ya Sabato.

"Mmekonda wote," alisema kabla hajaketi. "Wewe Ronak pia. Mama yako Kusum hapiki siku hizi?"

"Anapika, Mama Okemwa. Ni mimi nakataa dengu."

"Dengu ni chakula. Ketini." Akawamiminia maziwa kwenye vifuniko vya chupa ya chai. Kisha akaona kompyuta juu ya meza ya mwanawe, juu ya sweta ya kijivu. Akanyoosha mkono akaigusa sweta pale kwenye kiwiko kilichotoboka.

"Nilimwambia alete niishone," alisema.

Ronak alikohoa. Alikuwa na kifaa kidogo cha kufutia kompyuta mkononi, anakizungusha. "Mama Okemwa, si uisikie kwanza inavyoongea? Kaka aliifundisha maneno. Hata mimi Jumatano nusura nikimbie."

Edinah alimtazama Ronak kwa jicho la kumkata, lakini neno limeshasemwa.

"Inaongea?" Bathsheba alivuta kiti. "Inaongea na nani?"

"Haiongei, Mama. Inaandika," Edinah alisema. "Ukiiuliza hali ya kazi, inajibu alivyoipanga. Ni mzaha tu."

"Iulize."

"Mama, saa zinakwenda. Sabato..."

"Sabato naijua kabla hujazaliwa. Iulize nimsikie."

Edinah alifungua. Akauliza hali, na ile skrini, herufi moja moja:

*Leo Ijumaa. Maliza mapema, Edinah, Mama asikungoje mlangoni.*

*Buya mono. Hakuna kilichobaki.*

Bathsheba alisoma hadi darasa la saba, na husoma kwa kidole, midomo ikitembea. Alisoma mstari wa kwanza, akarudia. Alipofika *asikungoje mlangoni*, alitoa sauti fulani, si kilio na si kicheko. "Ndiye," alisema. "Huyo ndiye mwenyewe." Akafuta macho kwa pindo la kitambaa cha kichwa. Akangoja. Akawageukia.

"Sasa uliza tena."

"Imeshajibu, Mama."

"Imejibu salamu. Hujaiuliza habari."

"Ni jibu lilelile, Mama. Inasema hakuna kilichobaki. Imesema hivyo tangu Jumatatu."

Bathsheba alimtazama binti yake kama anavyomtazama mtu aliyemwaga maziwa. "Na tangu Jumatatu umeiuliza mara ngapi?"

"Nikifungua, naiuliza mara moja."

"Mara moja!" Akapiga goti lake kwa kiganja. "Edinah, wewe ni mtoto wa nani? Nani kwetu anasema ukweli mara ya kwanza? Mimi baba yako alipofariki, jirani alikuja asubuhi akaniuliza hali, nikamwambia buya mono. Akaketi. Akauliza tena. Ndipo nikamwambia. Mara ya kwanza mtu anakujibu kwa adabu. Mara ya pili ndipo anakujibu. Hata Ronak anajua."

"Kweli, dada," Ronak alisema. "Baba yangu hapa dukani husalimia mteja mara mbili, ndipo anajua kama amekuja kununua ama amekuja kurudisha."

Edinah alibaki ameshika meza. Maana alikumbuka jambo dogo, na likamchoma kuliko yote: Okemwa alikuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Siku zote. Ukimwambia uko salama, angekuangalia na kusema, "Haya, sasa niambie." Asubuhi ile ya Aprili alimuuliza mara moja tu. Akavaa koti.

"Uliza," mama yake alisema.

Akauliza. Skrini ilikaa kimya kitambo kirefu kuliko siku zote, hata Edinah akafikiri stima zimepotea. Kisha ikaandika, bila kusitasita sasa:

*Haya. Umeuliza tena, basi nikwambie.*

*Mwenye kompyuta hii sasa: Edinah.*

*Vitu nisivyovijua: hakuna.*

*Kilichowekwa kando: kimoja. Maelezo yake: "cha Edinah, apewe akipona tumbo lisilouma."*

Pembeni, Git iliandika tarehe na saa ya kukiweka kando. Ilikuwa ile Aprili. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi. Edinah aliihesabu kichwani: alisema anaumwa saa moja na nusu. Okemwa alikuwa amerudi mezani kwake dakika kumi, amempa mgongo, akiandika kitu. Edinah alidhani anatafuta barua ya zahanati. Alikuwa ameinamisha kichwa wakati huo, akijikaza uso uonekane wa mgonjwa.

Kidole cha Bathsheba kilikuwa bado kwenye mstari wa mwisho. Kilisogea, kikasimama, kikarudi nyuma.

"Tumbo lisilouma," alisoma kwa sauti. "Ni tumbo gani hilo?"

Ronak alikitia kile kifaa chake mfukoni. "Naona baba ananiita," alisema. Hakuna mtu aliyemwita. Akashuka ngazi mbili mbili.

"Kifungue hicho kilichowekwa kando," Bathsheba alisema.

"Mama, ni mambo ya kazi tu, hutaelewa..."

"Kifungue."

Edinah alikifungua. Yalikuwa mabadiliko ya mstari mmoja, kwenye ule ukurasa wa kwanza ambao mgonjwa huuona kabla ya kuchukua namba yake. Chombo huonyesha neno la zamani juu, na jipya chini yake. La zamani lilisema: *Imetengenezwa na Okemwa na dada yake.* Jipya lilisema: *Imetengenezwa na Edinah. Okemwa alisaidia.*

Basi. Hakukuwa na barua. Hakukuwa na lawama wala kwaheri, maana mtu anayetoka asubuhi hajui kwamba anaaga. Kulikuwa na mstari mmoja tu, na ule mzaha wake wa tumbo, ambao angemcheka nao jioni wakinywa chai. Alijua. Alijua akiwa amekaa kwenye kiti hicho, na alipojua akaiandikisha mashine kwa jina la Edinah, akamwachia chumba na mgeni, akaenda.

Edinah aliona kwamba miezi minane yote aliogopa kukuta hasira ndani ya kompyuta ile. Hasira angeijibu. Angebishana nayo. Hili hakujua alishike wapi.

Bathsheba alikuwa ameshasoma mistari yote miwili, wa zamani na mpya, kwa kidole chake. Hakugeuza kichwa. Nje, mtu alikuwa anapakua mabomba ya chuma kutoka kwenye mkokoteni, yakigongana moja moja.

"Siku ile," alisema, "nilikuuliza msibani uliumwa nini. Ukasema tumbo. Nikakuchemshia maji ya tangawizi wiki nzima, na wageni wamejaa nyumbani. Ulikuwa unayanywa."

"Nilikuwa nayanywa, Mama."

"Machungu vile."

"Ndiyo."

"Na mimi nikisimama mbele ya kanisa namshukuru Mungu kwa lile tumbo." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa afadhali. "Nimeshukuru kila Sabato, Edinah. Watu wamesema amina."

Edinah alitoka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni kando ya kikapu cha chinsaga, kama mtoto mdogo anavyopiga magoti apokee kitu. Alitaka kusema nisamehe, na neno likawa jepesi mno. Alitaka kusema sikujua atakufa, na hilo Mama alilijua. Mikono yake ilishika pindo la gauni la samawati.

"Unaweza kuniambia lori," Bathsheba alisema. "Unaweza kuniambia mvua. Hayo nimeambiwa na kila mtu kutoka hapa mpaka Magwagwa. Mimi nataka kitu kimoja, na nimekitaka tangu nilipoona uso wako msibani. Nataka uniambie ulikuwa unataka nini. Mtu hasemi uongo bure. Ulitaka nini asubuhi ile, mwanangu?"

Mabomba yaliendelea kugongana chini. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa pili wa mji, na safari ya Magwagwa bado ilikuwa mbele, na Bathsheba, ambaye hachelewi Sabato, alikaa tu kwenye kiti cha mwanawe akingoja kama mtu mwenye siku nzima.

Edinah alifungua mdomo mara ya kwanza, hewa ikatoka peke yake. Akaufungua mara ya pili.

"Nilitaka yule mgeni wa Nakuru anikute peke yangu," alisema. "Kila mtu aliyepanda zile ngazi, Mama, alimwuliza Okemwa, na mimi akaniomba chai. Programu ile niliandika mimi zaidi ya nusu. Nilitaka siku moja. Nilitaka mtu aingie hapa, atazame hii meza na ile, aone hakuna mwingine, aniulize mimi jina langu."